Sifa za Dimbwi

Mheshimiwa mgeni rasmi, dimbwi la kando ya barabara pale Sanje, waheshimiwa vyura, ndugu viluwiluwi, mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa.

Nimesimama kusema machache juu ya maji ambayo hayajawahi kupata msemaji. Bahari ina washairi wake tangu Lamu hadi Kilwa. Mito ina mabwawa, na mabwawa yana mawaziri wa kuyazindua. Maporomoko ndiyo usiseme: yamechapwa kwenye kalenda za ofisini, yametundikwa ukutani kwenye nyumba za wageni ambazo bafuni maji hayatoki. Dimbwi halina hata kibao. Likitajwa gazetini, basi ni katika malalamiko ya wakazi dhidi ya mkandarasi. Leo tulitendee haki.

Kwa wasiomfahamu mgeni wetu, anapatikana hivi. Unatoka Dar es Salaam, unapita Morogoro, unavuka mbuga ya Mikumi huku watoto wakigombania dirisha la upande wenye twiga. Ukifika Mikumi mjini unaiacha barabara ya Iringa na kushika kushoto kuelekea Ifakara. Unapita Kidatu, unapita mashamba ya miwa yasiyokwisha, milima ya Udzungwa ikikufuata mkono wa kulia. Kabla ya Mang'ula ndipo Sanje. Ukiinua macho utauona mstari mweupe juu ya msitu: hayo ndiyo maporomoko ya Sanje, zaidi ya mita 170, yakishuka kwa hatua tatu. Hayo ndiyo yaliyotutoa nyumbani alfajiri, mimi, mama watoto, binti yetu wa darasa la nne, na mdogo wake aliyeko chekechea.

Dimbwi lenyewe liko chini, karibu na kibanda cha mama anayechoma mahindi, pale tulipoegesha gari. Kwa mbali halionekani. Kwa karibu pia halionekani, mpaka mwanao awe amesimama katikati yake.

Nianze na ukarimu wake. Kuyaona maporomoko kuna kiingilio cha hifadhi, kuna ada ya mwongozaji, kuna viatu vya kufaa, na kuna mlima. Kijana aliyetuongoza alinipa shikamoo yenye heshima zote, akanitazama tumboni, kisha akashauri twende polepole. Njia inapanda ndani ya msitu mnene, mizizi imejitandaza, mawe yanateleza, na mwenye miguu mifupi hapandi bali hupandishwa. Aliyewahi kumbeba mtoto begani mlimani anajua kwamba uzito wake hauko kwenye mizani ya kliniki. Mtoto huongezeka kilo kila kona. Na anapokuwa huko juu, shingo ya baba ikiwa imepinda, ndipo hukumbuka kuuliza mambo makubwa: kwa nini miti haiendi haja, na je, nyani wana bibi.

Nyani ni swali zuri kwa mahali pale, maana Udzungwa si msitu wa kubeza. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na ndani yake wamo wanyama wasiopatikana nje ya milima hii ya Udzungwa. Mmoja ni mangabe wa Sanje, jamaa wa nyani, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979. Wenyeji walikuwa wakimfahamu siku zote, ila hakuna aliyewauliza. Mwongozaji alitueleza haya yote vizuri kabisa. Bwana mdogo akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Lile dimbwi litakuwepo tukirudi?"

Maana alishaliona asubuhi, akavutwa mkono kabla hajaonana nalo vizuri.

Tulifika. Sikatai kwamba ni pazuri. Maji yanaanguka kutoka huko yanakotoka, upepo wake unakulowesha kabla hujayakaribia, na kelele yake inafanya mke na mume waelewane kwa ishara, jambo ambalo kwa safari ndefu si baya. Nikamtua mwanangu juu ya jiwe, nikamwelekeza kidole. Akatazama kwa muda, uso umekunjamana. Nikajua sasa amepatikana.

"Baba, nani ameacha bomba wazi?"

Nikamweleza kwamba ule ni mto. Akafikiri.

"Waambie wafunge. Yataisha."

Huyu ni mtoto wa mtaa wenye mgao wa maji, aliyezoea kuona ndoo zikipangwa foleni na mama yake akiamka usiku kusikiliza koki. Mbele yake kulikuwa na mita 170 za uzembe, na watu wazima waliolipa kiingilio kuutazama. Baada ya hapo aliomba biskuti, akala, akageuka upande tuliotokea.

Kosa la maporomoko, na nalisema bila chuki, ni majivuno. Ukiyatupia jiwe, hayana habari. Ukiyaita, hayasikii. Yanataka usimame mbali, uinue shingo, ustaajabu. Mtoto wa chekechea hana kazi na kustaajabu, anataka kujibiwa. Na hapo ndipo dimbwi linapochukua nafasi yake kama kiongozi wa watu. Kanyaga taratibu, linakujibu taratibu. Ruka kwa miguu miwili, linakujibu mpaka kwenye miwani ya baba yako. Kina chake kinaishia kwenye kifundo cha mguu, kana kwamba lilipimwa na fundi nguo, ingawa lilichimbwa na matairi ya trekta za miwa na kusilibwa na udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji. Mto haujawahi kupimwa kwa kimo cha mtoto. Dimbwi halina kipimo kingine.

Tuliporudi chini kutoka mlimani, wenyeji walikuwa wameshafungua kikao. Watoto watano au sita wa pale kijijini walikuwa wakishindanisha mashua za maganda ya mahindi. Mwanangu hakutambulishwa na mtu, na wala hakuhitaji. Dakika chache baadaye alikuwa nahodha. Dada yake, ambaye mlimani alikuwa amechoka hata kujibu, alipata kijiti akajitangaza mpima kina wa bandari. Mama yao akasema kwamba ile suruali imenunuliwa juzi. Mama wa mahindi akageuza hindi, akacheka: "Mwacheni aloe, mtoto wa mjini huyo!" Kukaa kwetu pale kulizidi kukaa kwetu chini ya maporomoko, na mahindi yalikuwa laini.

Niongeze jambo la uzalendo. Maporomoko kadhaa ya bara letu yana majina yaliyoletwa na wageni. Mosi-oa-Tunya, maji ya Zambia na Zimbabwe, yalionwa na Livingstone mwaka 1855, akayapa jina la malkia wake. Pale Nyahururu, Kenya, Joseph Thomson alipita mwaka 1883, na mpaka leo watu hulipa kiingilio kutazama maporomoko ya Thomson. Hapo hapo Udzungwa, hatua chache kutoka Mang'ula, yapo maporomoko ya Mwanamfalme Bernhard wa Uholanzi, aliyekuja kuifungua hifadhi. Dimbwi halijawahi kugunduliwa na Mzungu yeyote. Hakuna malkia aliyelitaka.

Na ustahimilivu, jamani. Katika milima hii hii ya Udzungwa upo mto Kihansi, wenye maporomoko ambayo ukungu wake ulikuwa unamtunza chura mdogo wa manjano, asiyetaga mayai bali huzaa watoto walio kamili. Alitambuliwa na wanasayansi mwaka 1996. Muda si mrefu maji ya mto yakaelekezwa kwenye mitambo ya umeme, megawati 180, nasi tunaosoma gazeti usiku hatuna uso wa kulalamika. Ukungu ukapungua, vikafungwa vinyunyizio vya kuuiga, na mwaka 2000 vyura kama 500 wakapandishwa ndege kwenda kutunzwa Marekani. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Alianza kurudishwa mwaka 2012, baada ya kuishi ughaibuni kuliko wengi wetu. Namheshimu chura huyo. Lakini msikilizeni chura wa dimbwi usiku wa masika, jinsi anavyopiga kelele bila mfadhili, bila viza, bila kinyunyizio. Dimbwi lake likikauka anahamia la jirani. Dimbwi halijawahi kumgharimu mlipakodi hata senti, ukiacha springi za magari.

Wasomi nao wana deni. Nendeni Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, kwenye maporomoko yanayozidi mita 200. Watu husafiri kutwa kuyatazama yanavyodondoka. Lakini mwaka 2023 watafiti walitangaza kwamba juu kidogo ya maporomoko hayo, upande wa Zambia, wamepata magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa kwa ustadi, yenye umri wa karibu miaka 476,000. Hayo ni mambo ya kabla ya binadamu wa aina yetu. Kwa kawaida mti haukai hata miaka mia ardhini bila kuoza. Kilichoyatunza magogo hayo ni udongo uliolowa maji wakati wote na kuzuia hewa isipenye. Maporomoko yenyewe kazi yake ilikuwa kupeleka kila kitu kwenye Ziwa Tanganyika. Kumbukumbu ya kazi ya mikono ya wahenga wa wahenga wetu ilishikwa na tope, na tope ni ndugu wa damu wa mgeni rasmi.

Wapinzani wameinua mikono huko nyuma, nawaona. Watasema dimbwi huzaa mbu. Ni kweli, na siwezi kumtetea mgeni wetu kwa uongo. Mbu aina ya Anopheles gambiae, mwenezaji mkubwa wa malaria, hupenda kutaga kwenye maji madogo yaliyotulia na kupigwa jua: alama za kwato za ng'ombe, alama za matairi, madimbwi kama hili letu. Ila tazameni heshima iliyopatikana. Bonde la Kilombero, ambamo Sanje imo, ni miongoni mwa mahali ambapo mbu wa malaria wamechunguzwa kwa kina kabisa Afrika. Pale Ifakara ipo taasisi ya utafiti wa afya ambayo mizizi yake ni maabara ndogo ya Waswisi ya miaka ya 1950. Humo mbu hufugwa, huhesabiwa, hutunziwa kumbukumbu, na kujengewa nyumba za wavu. Vijana wenye shahada huzunguka vijijini na upawa, wakichota maji ya madimbwi na kuhesabu viluwiluwi mmoja mmoja. Watu wamepata uzamivu kwa ajili ya dimbwi. Sijasikia anayehesabu matone ya Sanje.

Isitoshe, dimbwi lina sifa moja ambayo katika nchi zetu ni adimu kwa mwenye cheo chochote: hujiuzulu. Jua likiwaka siku mbili tatu mfululizo, linaachia kiti bila kushinikizwa, bila tume, bila kudai marupurupu. Na hapo ndipo kesi ya mbu inapogeuka. Yai la mbu linahitaji wiki moja hivi au zaidi kufikia kuruka. Dimbwi linalokauka kabla ya hapo huondoka na viluwiluwi wake wote. Linalostahili lawama ni lile linalong'ang'ania madarakani, na hilo hata mimi sina maneno ya kulisemea.

Kuhusu suruali, ilifuliwa mara tatu na bado ina ramani ya Kilombero kwenye magoti. Picha za maporomoko zipo kwenye simu yangu, zote nzuri, na katika zote bwana mdogo anatazama kamera kwa uso wa mtu aliyecheleweshwa. Alipoulizwa na bibi yake Sanje kuna nini, alisimulia mashua, mtoto mmoja aliyemwita Kaka Mkubwa, na chura. Bibi akauliza, "Na maporomoko je?" Akajibu kwamba kule juu kuna bomba limeharibika.

Kwa hiyo naomba kuwasilisha hoja zangu mbili. Ndugu zetu wa barabara na serikali ya kijiji: dimbwi likikaa zaidi ya wiki moja, lifukieni au lichimbieni mfereji, maana watoto wa pale hulala karibu nalo kila usiku, sisi tulipita tu. Lililozaliwa na mvua ya jana liacheni kwanza. Nawe msomaji, ukienda Sanje na mtoto mdogo, nenda baada ya mvua, beba suruali ya pili, na usiku mlaze ndani ya chandarua chenye dawa.