Saa Kumi na Tano Angani, Nane Kwenye Kalenda

Kutoka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi ule wa John F. Kennedy, New York, ni takriban kilomita 11,800. Kenya Airways ilianza kuuruka umbali huo moja kwa moja Oktoba 2018. Anayeuliza ni mbali kiasi gani hupata jibu moja tu. Anayeuliza safari huchukua muda gani hupata majibu mengi, na karibu kila jibu limewahi kumlaza mtu kwenye benchi.

Ndege kubwa huenda kama kilomita 900 kwa saa. Mpiga hesabu hugawanya, hupata saa 13 na ushei, na kuwatangazia jamaa. Hesabu ni sahihi, ila imesahau kwamba ndege hutambaa uwanjani ikingoja zamu, na kwamba upepo mkali wa huko juu huvuma kutoka magharibi. Kwenda ni kuupinga, kurudi ni kusukumwa. Hivyo kwenda huchukua kama saa 15, kurudi 14.

Njia nayo ina vituko vyake. Kamba ikinyooshwa juu ya tufe kati ya miji hii hupanda kaskazini-magharibi, huvuka Sahara, hupita jirani na visiwa vya Azores, kisha huizidi kidogo latitudo ya New York kabla ya kushuka. Abiria mwenye ramani ya ukutani kichwani hushawishika kuwa rubani kapotea. Kindege cha kwenye skrini hakimtulizi: mabawa yake yamefunika Chad na nusu ya Libya, na abiria akisinzia na kuamka, bado hakijatoka jangwani.

Balaa kubwa ni saa. Nairobi haigusi saa zake mwaka mzima. New York huzisogeza Machi na Novemba. Tofauti huwa saa saba kiangazi, nane majira ya baridi. Ndege ikiondoka Nairobi saa tano na nusu usiku mwezi Julai, hutua New York saa moja na nusu asubuhi. Kalenda husema ni safari ya saa nane. Magoti yana ushahidi tofauti. Mgeni humwandikia shangazi yake: "Natua saa moja na nusu." Shangazi anaelewa vizuri kabisa. Lakini mwenye gari ni kijana wake, mzaliwa wa huko, ambaye hufika saa saba na nusu mchana akijisifu kwa kuwahi. Tiketi ya 00:30 Jumanne ni mtego zaidi: ukoo mzima humsindikiza msafiri Jumanne usiku, kwa maombi na picha, wakati ndege ilishaondoka tangu usiku wa kuamkia siku hiyo.

Tena hapo msafiri awe ameshinda Barabara ya Mombasa. Kilomita zisizofika 20 kutoka katikati ya jiji, jioni ya mvua, zinaweza kula saa mbili, muda ambao ndege ingeutumia kukaribia Khartoum.

Kurudi ni kufupi angani, kurefu nyumbani. Mwili huzoea saa mpya kwa kama siku moja kwa kila saa ya tofauti, yaani wiki nzima. Wageni wa kumpokea msafiri huja saa nne asubuhi, mwili wake ukihesabu saa tisa usiku. Husinzia kikombe mkononi, na kufikia jioni mtaa mzima unajua kwamba amerudi na maringo.