Baruti ya Kunong'ona

Katika mapenzi yote yanayoweza kumpata mwanadamu baada ya kustaafu kazi, sijapata kuona yaliyo ghali, yenye hesabu nyingi na yenye makelele kama mapenzi ya risasi isiyo kelele. Jirani yangu wa hapa Minnesota, mzee aliyekuwa fundi wa mabomba, mtu wa adabu na ukarimu, ambaye sikio lake la kushoto halisikii kitu na la kulia husikia linalotaka, alitia nia kiangazi kimoja ya kushindilia kwa mkono wake risasi za bastola ziendazo polepole kuliko sauti. Nchini Marekani jambo hili halina ajabu wala halihitaji idhini ya mtu, madhali mwenye kulifanya analifanya kwa matumizi yake. Gereji nyingi zina meza ya kazi hiyo kando ya gari, na kila mwenye meza atakuapia kwamba anaitumia kwa ajili ya kubana matumizi, huku mkewe akiwa nyuma yake anatikisa kichwa.

Sisi tuliozaliwa pwani hatukulelewa na fikira hii. Kwa wazee wetu baruti ilikuwa kitu cha kusikiwa. Gobori lililolia harusini kwa unyonge lilikuwa fedheha kwa bwana harusi na kwa ukoo wake. Basi mzee aliponieleza kwamba anatafuta baruti ya kunong'ona, nilimtazama kwa muda, nikadhani Kiingereza changu kimenitupa.

Akanikalisha juu ya ndoo iliyofudikizwa, akanifundisha. Bastola, alisema, ina sauti mbili. Ya kwanza ni ya hewa ya moto inayofumka mdomoni mwa mtutu, na hiyo hupunguzwa na kiwambo, chombo alichokipatia hataza mwaka 1909 Mmarekani Hiram Percy Maxim, mtoto wa yule Hiram Maxim aliyebuni bunduki ya mfululizo mwaka 1884, ile ambayo wazee wetu waliiita bombomu na ambayo Wadachi waliielekeza kwa watu wa Majimaji. Baba huyo aliharibikiwa masikio kwa ngurumo ya kazi yake mwenyewe, na mwana akazaliwa na hamu ya kimya. Sijui ukoo mwingine uliogawana kazi kwa insafu kiasi hicho. Viwambo hivi viliwekewa usajili na kodi ya dola 200 kwa sheria ya mwaka 1934, na hapa Minnesota havikuruhusiwa kwa raia wa kawaida mpaka mwaka 2015, kwa hiyo mzee alikuwa amekingojea chake kwa saburi ndefu. Tena hakinyamazishi kama tunavyodanganywa na sinema, hupunguza tu. Sauti ya pili ni ya risasi yenyewe: ikipita kasi ya sauti hupasua hewa kwa mlio mkali njia nzima, na mlio huo hakuna kiwambo duniani kiwezacho kuuzuia, kwa kuwa umekwisha toka nje na kwenda zake. Dawa yake ni moja, nayo ni kuipunguza mwendo risasi.

Ndipo ikaja mas'ala ya baruti, na ndipo amani ya mtaa ilipoanza kulegea.

Baruti za kisasa, zisizo na moshi mwingi, hutofautiana kwa wepesi wa kuungua. Ziko zinazowaka mfano wa makuti makavu, mara moja na kwisha, na ziko zinazokwenda kwa taratibu ya kuni za mkandaa. Kwa mtutu mfupi wa bastola na risasi ya pole, watu wa fani hii aghalabu huitaka ya makuti, kwa sababu huungua ikaisha ndani ya mtutu na kubakiza hewa kidogo ya kupiga kelele mdomoni. Ile ya taratibu, ikiwekwa katika ganda dogo lenye shinikizo hafifu, huungua nusu nusu, na masalio yake hurudi nyuma usoni mwa mpigaji. Haya ya mwisho mzee aliyahakikisha mwenyewe kwa kopo la baruti alilolipata kwa bei nafuu, na akarudi nyumbani na uso uliojaa masizi isipokuwa mahali pa miwani.

Walakini hiyo ya upesi nayo ina fitina yake. Iko moja, Bullseye, iliyouzwa tangu mwaka 1898, na kila mzee wa fani ana kauli juu yake. Baruti ya namna hii hutakiwa kidogo mno, hata ganda likabaki na nafasi kubwa tupu, na mja akighafilika huweza kulitilia mara mbili asijue, jambo ambalo huvunja bastola na huenda likavunja na mkono ulioishika. Basi mwenye akili hupenda baruti yenye wingi wa umbo, inayojaza ganda, ili ikitiwa mara mbili imwagike mezani na kumfedhehi mtiaji hadharani. Mzee kwa hiyo alitaka baruti iungue upesi, isiache masizi, ijaze ganda, isiwe ghali, na iwepo dukani: sifa ambazo sijaziona zikikutana katika kiumbe kimoja, seuze katika kopo. Aliyoisifu leo kesho ilikuwa imekwisha kwenye rafu, na iliyobaki kwenye rafu ilikuwa na sababu ya kubaki.

Kazi yangu ilikuwa kushika tochi. Kila ganda lilipotiwa baruti nililimulika na yeye akachungulia, kisha tukabadilishana, nikachungulia mimi. Humo chini vilionekana vibamba vya kijivu, vyembamba mno, vilivyopakwa grafiti hata vikang'aa kidogo. Kipimo chake ni greni, na ratili moja ina greni 7,000. Mizani ya mzee ilisoma sehemu ya kumi ya greni moja, ikawa haivumilii feni, wala mlango kufunguliwa, wala mkia wa mbwa, wala pumzi ya mtu aliyekula kitunguu. Hata hivyo adui mkubwa alikuwa ukavu wa hewa ya majira ya baridi, maana faneli ya plastiki ilikuwa ikishika umeme, na vile vibamba, badala ya kuteremka, viling'ang'ania kingo zake au vikaruka vikatua katika ndevu za mzee. Jioni moja aliinuka mezani akaenda jikoni kuchemsha kahawa, ameinama juu ya moto wa gesi na ndevu zinang'aa, na mkewe alipomuona alitoa ukelele ambao, naamini kabisa, ulikuwa umepita kasi ya sauti. Tangu siku hiyo hakuruhusiwa kuvuka kizingiti cha jikoni ila amekwisha kuchanwa.

Na huyo bibi alikuwa na shitaka lake la zamani. Maganda yaliyokwisha tumika hayajazwi mpaka yasuguliwe, na husuguliwa katika bakuli la umeme linalotetemeka, lililojazwa magunzi ya mahindi yaliyosagwa, saa baada ya saa, kwa kishindo cha gari la mawe lililokwama matopeni. Gereji imepakana na chumba cha kulala. "Mume wangu anatafuta kimya," aliniambia kwa upole wa kutisha, "na mimi tangu alipoanza kukitafuta sijalala."

Mwezi wa Agosti, katika joto la digrii 30, tulikwenda shambani kwa shemeji yake, na mzee akaweka chombo chake cha kupimia mwendo mbele ya mtutu. Risasi zilikwenda kiasi cha mita 335 kwa sekunde, na sauti katika joto lile huenda karibu mita 349. Zikapita chini yake kwa heshima, kama alivyokusudia. Furaha yake haikuwa na mipaka. Alishindilia nyingine tele kwa kipimo kile kile, akaziandikia tarehe, akaziweka, akamtangazia shemeji kwamba ng'ombe wake hawatasikia kitu.

Januari tukarudi, shemeji akiwa shahidi, theluji imefika magotini na baridi ni digrii 20 chini ya sifuri. Sasa, mwendo wa sauti hupungua kadiri hewa inavyopoa, na katika baridi ile hushuka hata karibu mita 319. Baruti nayo hupoteza nguvu kidogo kwa baridi, lakini si kwa kiasi cha kuokoa heshima ya mtu. Mzee alilenga, akafyatua, na risasi ile ile iliyonong'ona Agosti ikachapa hewa mchapo mmoja uliorudishwa na miti. Ng'ombe wakageuza vichwa vyote pamoja. Shemeji hakusema neno. Aliigusa tu kofia yake, akaivua, akaivaa tena.

Tulipokuwa tukirudi garini, mimi nikauliza, kwa ujinga wa mgeni, ile bastola nyingine iliyomo sandukuni kwake, aliyoachiwa na marehemu babake, ni ya nini. Akajibu kwamba ni ya .45, ya mwaka 1911 kwa muundo, kazi ya John Browning. Nikauliza mwendo wa risasi yake. Akanyamaza kwa masafa marefu. Risasi ya .45 ya kawaida, inayouzwa imejazwa tayari kiwandani, huenda kiasi cha mita 255 kwa sekunde. Iko chini ya sauti kiangazi na majira ya baridi, na imekuwa hivyo zaidi ya miaka mia, bila ya mtu kushika tochi.

Asubuhi ya pili alipiga hodi kwangu. Nilidhani amekuja kuniambia kwamba ameuza meza. Alikuwa na karatasi mkononi: orodha ya baruti atakazozijaribu katika ile ya .45, kwa sababu zile za kiwandani, alisema, zina masizi.