Sifa za Pedi Iliyokufa Kijana

Gari halikosi wa kulisifu. Injini ya dizeli ambayo haijawahi kufunguliwa ina washairi wake pale gereji. Tairi jipya hupigwa teke la mapenzi. Honi ya sauti tatu humfanya utingo ajione ameoa. Hata madigadi huandikwa maneno ya hekima. Sasa niambieni, ni lini mmemsikia mtu akiisifu pedi ya breki? Tena si pedi yoyote, ila ile iliyokwisha kabla ya siku zake. Hiyo sifa zake ni matusi. Hutupwa chini ya mwembe pamoja na makopo ya oili, na mtoto akiiokota anafokewa: acha hiyo, chafu.

Mimi leo nimekuja kuisemea.

Kwanza nasaba, maana hakuna sifa bila nasaba. Agosti 1888, huko Ujerumani, Bertha Benz aliwachukua wanawe wawili akaondoka na gari la mumewe kutoka Mannheim kwenda Pforzheim, zaidi ya kilomita 100, bila kumuaga mwenye gari. Kwenye miteremko breki zake za mbao zikaanza kulika. Mama yule hakumtukana mtu. Alimtafuta fundi viatu, akagongomewa ngozi juu ya mbao, safari ikaendelea. Wanaoziita breki za dramu viatu hawajaukosea sana ukoo. Kisha mwaka 1902, Frederick Lanchester wa Birmingham, Uingereza, akapata hataza ya breki ya diski. Pedi zake zilikuwa za shaba. Barabara za enzi hizo zilikuwa vumbi na mashimo, na shaba ikawa inalika mbio, tena kwa kelele. Kwa hiyo mkubwa wa ukoo huu wa diski naye alikufa kijana, na sababu iliyotajwa ndiyo ile ile inayotajwa leo pale gereji: barabara, mzee, barabara.

Marehemu ninayemkusudia alitumikia pikapu yangu, inayoshusha kabichi, karoti na viazi kutoka Lushoto. Asiyeijua njia ile ajue kwamba ni zaidi ya kilomita 30 za kona, mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, na kutoka Lushoto mpaka Mombo unashuka karibu mita 1,000. Abiria hutazama maporomoko ya Soni. Pedi haitazami chochote, imebanwa kwenye diski inaungua. Gari na mzigo wake, tuseme tani 3, likishuka kimo hicho linaachia megajuli zipatazo 29. Tuwape tairi na upepo nusu yake. Nusu inayobaki ingetosha kuchemsha madumu mawili ya maji, yale ya lita 20. Dereva anayeshuka na gia ndogo huipa injini sehemu ya kazi hiyo. Wangu alipenda gia kubwa, na kwenye vipande vilivyonyooka aliliachia gari liteleze bila gia ili kuokoa dizeli. Dizeli aliyoiokoa sijapata kuiona.

Pedi za mbele zinazotunzwa vizuri huweza kufika kilomita 40,000 na kupita. Za kwangu zilizikwa kwenye 9,000.

Wala hazikufa kimyakimya, na hapa ndipo sifa yao ya kwanza. Pedi nyingi zina kibati kidogo ubavuni. Nyama ikibaki milimita 2 au 3 hivi, kibati kinagusa diski na kuanza kulia, kwiii, kila unapokanyaga. Haupiti msiba wowote mjini wenye mpiga mbiu mwaminifu namna hiyo. Dereva wangu alipoisikia mbiu hiyo alichukua hatua mara moja: aliongeza sauti ya redio. Wiki mbili baadaye chuma kilikuwa kinasaga chuma, na diski ikachorwa mifereji kama shamba la viazi.

Basi tukakaa kikao gereji. Fundi alisema, "Bosi, umeuziwa feki." Muuza spea, alipopigiwa simu, alisema mali yake ni orijino na tatizo ni mguu wa dereva. Dereva alisema mguu wake hauna neno, ila mlima ndio mlima. Utingo alisema ni mipango ya Mungu, na kati ya wote yeye ndiye aliyekuwa na bei nafuu. Mimi mwenye gari nilisema nimezungukwa na wezi. Kila mmoja alikuwa na kauli, na kila kauli ilimkwepa msemaji wake. Aliyekuwa hajaulizwa ni marehemu, amelala juu ya gunia na vumbi jeusi usoni.

(Vumbi hilo fundi alitaka kulipuliza kwa mdomo. Nilimzuia. Pedi na viatu vya zamani vilitiwa asbesto, inayoharibu mapafu, na huwezi kujua kwa macho kipi kimetiwa nini. Kitambaa kibichi kinatosha.)

Pedi iliyokufa mapema haisemi uongo, kwa sababu haina mkono wa kufutia maandishi yake. Ukijua kusoma, kila ulaji una mwandiko wake. Kwenye kalipa inayoelea, ukikuta pedi ya ndani imebaki jani na ya nje bado nene, aghalabu pistoni hairudi vizuri, au pini ambazo kalipa huteleza juu yake zimeshika kutu, tope limeingia na grisi imekauka. Upande mmoja unafanya kazi ya ndugu wawili. Pedi iliyolika kimshazari, nene huku na nyembamba kule, inakwambia imekwama kwenye kikalio chake au pini imechakaa. Gurudumu moja likila pedi zote mbili huku mwenzake wa upande wa pili yuko salama, pamoja na pistoni tazama mpira wa breki. Hutokea mpira huo ukafunga kwa ndani, ukapitisha mafuta unapokanyaga na kukataa kuyarudisha unapoachia. Gurudumu kama hilo linajitangaza lenyewe: endesha kidogo, simama, sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. La moto kuliko wenzake ndilo lenye kesi. Na magurudumu yote yakiwa yanajibana kidogo, anzia kwenye pedeli, huenda hairudi mpaka juu, mafuta yamezuiliwa na gari linatembea limekanyagiwa breki.

Linganisheni na waheshimiwa wengine. Injini hukaa na ugonjwa wake miaka, ikauzwa nao kwa mtu wa pili akiamini amepata bahati. Taa ya dashibodi huwaka kwa sababu ishirini, na kwa wengi wetu huzimwa kwa kubandika kipande cha utepe. Pedi ya bei ya chini ndiyo peke yake inayokula hasara yenyewe ili tujue hasara iko wapi.

Tukaisoma basi ya kwangu. Kushoto sawa na kulia. Ndani sawa na nje. Hakuna mshazari. Kwa hiyo pini zikaachiliwa huru, mpira ukaachiliwa huru, pistoni zikaombwa radhi. Uso wa kilichobaki ulikuwa unang'aa kama kioo, diski ina madoa ya bluu, maana yake moto, moto mwingi, na moto wa pande zote mbili. Muuza spea, nilipomweleza kwa simu, alicheka. "Si nilikwambia mguu?"

Fundi hakucheka. Alifungua dramu za nyuma. Viatu vilikuwa vinene kama siku vilipotoka boksini, na gari lina mwaka navyo. Hapo gereji nzima ikanyamaza, kwa sababu gari linaloshuka mlima limepakia viazi haliwezi kuwa na breki za nyuma mpya namna ile isipokuwa hazifanyi kazi.

Pikapu yangu, kama nyingi za aina yake, ina valvu ndogo chini ya bodi, iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa mkono wa chuma. Bodi ikikaa chini, valvu inaelewa gari limebeba, inapeleka nguvu nyuma. Bodi ikiwa juu, inaelewa gari tupu, nguvu kubwa inabaki mbele ili matairi ya nyuma yasijifunge na kuserereka. Ni akili nzuri sana, mradi hakuna mtu aliyeiingilia.

Fundi alipiga goti, akachungulia, akauliza kwa sauti ya adabu iliyozidi kidogo, "Bosi, hizi springi za nyuma nani aliongeza?"

Niliongeza mimi. Miezi saba kabla, ili tupakie magunia manne zaidi na gari lisikalie makalio njiani. Nilimlipa mtu wa kuchomelea, nikamnunulia na soda. Tangu siku hiyo pikapu ilikuwa ikishuka Soni imejaa pomoni huku valvu ikiamini ni tupu, na pedi za mbele zikibeba gari, viazi, dereva, utingo na akili zangu.

Mguu wa dereva una sehemu yake, hilo halijafutwa. Sasa anashuka na gia ya pili na ananuna. Mkono wa valvu umerekebishwa, dramu zimekazwa, magunia manne yamepunguzwa. Pedi moja niliichukua, nikaifuta vizuri, nikaiweka dukani kwangu juu ya risiti zisipeperushwe na feni. Juzi dereva alikuja kuchukua fedha ya mafuta, akaikodolea macho.

"Mzee, hiyo si ungeitupa tu?"

Akaichukua, akaigeuza huku na huku akitafuta penye jina lake, halafu akairudisha juu ya risiti ya springi.