Jinsi ya Kuihamisha Bukavu Hadi Sahara, na Kuirudisha Salama

Kuhamisha mji wenye komini tatu, Ibanda, Kadutu na Bagira, hakuhitaji lori hata moja. Geuza namba mbili tu kwenye ramani ya kompyuta. Bukavu, mashariki mwa Kongo, iko longitudo 28.86 na latitudo -2.51. Ukizibadilishia nafasi, Kadutu yote inajikuta kwenye jangwa la Algeria, mbali kabisa na Ziwa Kivu. Anayetengeneza ramani ya mtandaoni na asiyependa safari hiyo na afuate hatua hizi.

1. Uliza kwanza, chora baadaye. Ramani yenye vidoti vya rangi saba hupendeza ukutani, lakini haimwambii mzazi kitu. Funu, pale Kadutu, ardhi inateleza polepole chini ya nyumba za watu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature Geoscience ulionyesha kwamba ukuaji wa mji wenyewe umechangia kuongeza kasi yake. Basi uliza: shule zipi ziko juu ya ardhi hiyo, au ndani ya mita 200 kutoka ukingoni mwake?

2. Tafuta hifadhidata inayojua mahali. PostgreSQL hutunza majedwali. PostGIS, iliyotoka mwaka 2001, huyafundisha umbali na mipaka. Zote ni bure. Majengo na barabara utavipata OpenStreetMap, bure vilevile.

3. Pima kwa mita. Amri ya PostGIS ya kuulizia ukaribu ni ST_DWithin. Ukiipa 200 huku data yako ni ya aina ya geometry iliyoandikwa kwa nyuzi za longitudo na latitudo, umeomba nyuzi 200, na karibu kila shule duniani, hata ya Tokyo, itatangazwa jirani wa Funu. Tumia aina ya geography, 200 iwe mita.

4. Linda mpangilio wa namba. PostGIS na faili za GeoJSON hutaka longitudo itangulie: 28.86, -2.51. Leaflet, maktaba ya programu ya ramani za kubonyeza iliyoanza mwaka 2011, hutaka latitudo mbele unapoiandikia namba kwa mkono: -2.51, 28.86. Ukiipa faili ya GeoJSON, inageuza yenyewe. Usiisaidie, utarudi Algeria.

5. Mhurumie mwenye mega chache. Leaflet ni nyepesi, inafunguka hata kwenye simu ndogo. Mpelekee msomaji jibu la swali lake, shule zile tu, badala ya jedwali zima. Akibonyeza alama, aone jina la shule na umbali wake kutoka ukingoni.

6. Majina ya familia na milango yao yasionekane. Ramani iliyo wazi husomwa na kila mtu, mwema na mbaya.

Ukimaliza, usiifungie kwenye kompyuta yako. Ipeleke kwa wakuu wa shule, wazazi na wakuu wa mitaa, waikosoe, kisha urekebishe. Wanaoishi juu ya mteremko ule ndio wenye haki ya kwanza ya kujua wanasimama wapi.