Kenge Bandani, Mashujaa Mezani

Tangu mdogo wangu alipoacha kazi ya meli na kuhamia chumba chetu cha uani, meza ya chakula haipumziki Jumapili. Vyombo vya mchana vikishaondolewa, Mjomba, kama watoto wanavyomwita na sote tulivyomzoea, hutandika ramani aliyoichora nyuma ya kalenda ya zamani, humwaga dadu zake, na kuanza kusimulia. Wanangu watatu hawakai kusikiliza tu. Kila mmoja ana shujaa wake, amemwandikia nguvu na udhaifu kwenye karatasi ya daftari, na Mjomba akiuliza, "Haya, unafanya nini?" lazima ajibu. Jambo likiwa zito, dadu huamua kama limewezekana.

Mchezo wenyewe ulizaliwa Lake Geneva, mji mdogo katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, vijitabu vitatu ndani ya kisanduku, nakala 1,000 kwa mkupuo wa kwanza. Mashujaa wake, hata hivyo, ni wakongwe kuliko mchezo. Walitoka kwenye majarida ya karatasi duni ya miaka ya 1920 na 1930, yaliyouzwa kwa senti chache, yakasomwa na kutupwa. Gygax hakuficha deni hilo. Katika mwongozo wa wasimulizi wa mwaka 1979 aliwaorodhesha waandishi waliomfungulia njia, akiwemo Robert E. Howard, Fritz Leiber na Jack Vance. Mjomba naye ameifanya sheria ya nyumba: mtoto haingii mezani mpaka ajue shujaa wake katokea ukoo gani.

Kitindamimba, mwenye miaka tisa, alichagua mwizi. Nilikataa. Sikuzaa mtoto aje ajivunie wizi mezani kwangu. Mjomba akaniketisha akanisimulia habari za Gray Mouser. Mwaka 1934 kijana mmoja aitwaye Harry Fischer alimwandikia barua rafiki yake Fritz Leiber, na ndani yake akachora watu wawili: Fafhrd, pande la mtu kutoka nchi za baridi, na Mouser, kijana mfupi mwenye mkono mwepesi. Leiber akawachukua, akawatembeza katika mji wa Lankhmar wenye moshi na vichochoro, na mwaka 1939 hadithi yao ya kwanza ikachapwa katika jarida la Unknown. Wanaiba, wanatapeliwa, wanafiwa na wapenzi wao, lakini mmoja hamtupi mwenzake. Nikakubali, kwa sharti kwamba mwizi wa mwanangu asiguse mali ya maskini.

Wa kati, kijana wa miaka kumi na mitatu, hakuhitaji kuulizwa. Alikuwa ameiona filamu ya mwaka 1982 ya Conan, ile iliyoongozwa na John Milius, Arnold Schwarzenegger akiwa kifua wazi. Humo mtoto mtumwa anasukuma gurudumu kubwa miaka nenda miaka rudi mpaka anakuwa mlima wa misuli. Mwanangu alichokiona ni mkono na upanga. Akaandika nguvu 18, alama ya juu kabisa ambayo dadu tatu zinaweza kutoa, na tangu hapo kila mlango wa mchezo aliufungua kwa teke.

Kifungua mimba wangu, binti wa miaka kumi na sita, alimchukua Jirel wa Joiry, bibi wa ngome katika Ufaransa ya kale. Aliyemwandika ni mwanamke, C. L. Moore, na Jirel alitokea katika jarida la Weird Tales mwaka 1934, wakati mashujaa wa kike wa namna ile walikuwa adimu. Binti yangu alimpenda kwa kuwa hashuki kuzimu kwa bahati mbaya. Anajua anakokwenda, anaogopa, na anakwenda.

Mama yangu alikuwa akiyasikia haya yote akiwa mkekani, akichambua mchele. Siku moja akainua macho.

"Mwanangu, hao wote ni watu wa Ulaya na wa nchi za barafu. Sisi humo tumo?"

Mjomba hakujibu kwa haraka, maana swali lile lina kidonda. Katika hadithi nyingi za enzi hiyo, za Howard zikiwemo, mtu mweusi huletwa kama mshenzi au mtumwa. Kisha akamweleza Mama habari za Charles Saunders, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Pennsylvania mwaka 1946, akahamia Kanada, akawa mhariri wa gazeti huko Halifax. Saunders alizipenda hadithi za upanga na uchawi, na dharau iliyomo ilimuumiza. Basi akamwandika Imaro. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1981. Bara analotembea Imaro linaitwa Nyumbani, na watu wa mama yake, Ilyassai, ni wafugaji walioumbwa kwa mfano wa Wamasai. Mama yake alilazimika kumwacha akiwa na miaka mitano, alelewe na watu waliomwita mtoto asiye na baba.

"Miaka mitano," Mama alisema. "Na akawa mtu?"

"Akawa mtu, Mama."

"Basi huyo mlete mezani." Kuanzia wiki iliyofuata shujaa wa binti yangu akawa na kaka wa kambo kutoka Nyumbani, na mchele ukawa unachambuliwa karibu zaidi na meza.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Baba watoto alikuwa safarini. Tunakaa pembezoni mwa Tanga, karibu na mkono wa bahari wenye mikoko, na uani tuna banda la kuku. Jikoni nilikuwa nimefunika mchuzi wa papa wa jioni. Mezani, mashujaa walikuwa ndani ya pango ambalo Mjomba alilichora kwa kukumbuka mapango ya Amboni, ambamo miaka ya 1950 Osale Otango alijificha akisakwa na serikali ya mkoloni. Walifika kwenye mlango wa jiwe. Kitindamimba akasema mwizi wake anatega sikio. Akarusha dadu. Sote tukanyamaza kungoja.

Kelele ikatoka bandani.

Kuku wakilia vile, mwenye nyumba hasubiri maelezo. Tulitoka wote. Ndani ya banda alikuwamo kenge, mrefu kuliko kitindamimba wangu, mdomo umejaa yai. Majike wawili walikuwa wamelala pembeni, hawainuki. Alipotuona akavimbisha shingo, akafoka, mkia ukakunjwa tayari kuchapa.

Wa kati alishatoka stoo na panga. Mama akampigia kelele, "Mume wangu, weka panga hilo chini!" Ndivyo anavyowaita wajukuu wake wa kiume, na kwa kawaida neno hilo humsimamisha. Siku hiyo halikumsimamisha. Alipiga. Panga likamkwaruza kenge mkiani na kuzama kwenye nguzo, nguzo ikalegea, banda likainama, mlango ukafunguka. Kenge akapita katikati yetu kama mshale, akauona mlango wa jikoni, akaingia.

Yaliyofuata jikoni niliyaona na mpaka leo nayaona. Sufuria ya mchuzi ilipinduka yote. Rafu ya viungo ilianguka. Mfuko wa unga ulipasuka, na ndani ya vumbi lile jeupe mkia ukawa unachapa masufuria. Akakatiza sebuleni, akapita juu ya ramani na miguu yake ya mchuzi, akatawanya dadu, akaingia stoo na kujibana nyuma ya gunia la mchele.

Mjomba alifunga mlango wa stoo. Kisha akafanya jambo ambalo nilimheshimu nalo. Hakumkemea mtoto. Aliuliza kwa sauti ileile ya mezani, "Haya. Mnafanya nini?"

Mjomba anachezesha kwa kanuni za toleo la mwaka 1981 lililoandaliwa na Tom Moldvay. Humo mnyama akitokea si lazima pawe na vita. Msimulizi hurusha dadu mbili za pande sita: zikitoa 2 anashambulia papo hapo, zikitoa 12 anakuwa rafiki, na katikati anaweza kutishia, kusita au kwenda zake. Kila mnyama ana kiwango cha moyo wake pia, na moyo ukimvunjika hukimbia. Watoto waliokulia kwenye kanuni hizo wamezoea swali moja kabla ya yote, na binti yangu ndiye aliyeliuliza.

"Anataka nini?"

"Mayai," alisema kitindamimba.

"Na njia ya kutokea," alisema Mama. "Mmemzibia, ndiyo maana anawachapa."

Binti akapanga. Tenga kubwa la kubebea kuku liliwekwa ubavuni mbele ya mlango wa stoo, mdomo wake ukielekea ndani, na kila upenyo wa pembeni ukazibwa kwa magunia ya katani. Kitindamimba, mwepesi kuliko sote, aliviringisha mayai mawili mpaka ndani kabisa ya tenga, akarudi kwa ncha za vidole. Mama alishika ufagio wa chelewa na kupitia dirisha dogo la stoo akawa anagonga sakafu nyuma ya gunia, taratibu, bila kumgusa. Mimi nilishika kamba ya mlango. Wa kati alisimama na sinia letu la pilau, na panga lilikuwa limeshafungiwa chumbani kwangu.

Kenge alitoa ulimi. Akaangalia. Akatoka hatua kwa hatua, akaingia tengani kufuata yai. Binti akasema, "Sasa!" Tenga likasimamishwa, kijana akaingiza sinia chini yake na kulikandamiza kwa kifua chake chote wakati mnyama akipigapiga ndani. Hapo ndipo nguvu zake zilipohitajika, na alizitoa bila kumuumiza. Alikuwa uso kwa uso na kenge, tundu za tenga tu kati yao.

"Mama," aliniambia, "anatetemeka."

Tulilifunga tenga kwa kamba, tukaondoka nalo kuelekea mikokoni kabla ya magharibi, Mjomba na kijana wakilibeba. Njiani Mjomba alimsimulia hadithi ambayo filamu haikumpa. Howard aliziandika habari za Conan akiwa nyumbani kwa wazazi wake, Cross Plains, Texas, mama yake akiumwa kifua kikuu, na yeye mwenyewe alifariki mwaka 1936 akiwa na miaka thelathini tu. Katika Conan wake kuna hadithi moja ya mwaka 1933, ambamo Conan angali kijana mwizi. Anapanda mnara usiku kuiba kito. Juu anakuta kiumbe mwenye kichwa cha tembo, kipofu, aliyeteswa na mchawi kwa muda mrefu. Conan hachomoi upanga kwanza. Anamhurumia, anamtimizia ombi lake la mwisho, na mnara unapoporomoka anatoka mikono mitupu.

"Mikono mitupu kabisa?" kijana aliuliza.

"Kabisa. Na bado ndiye Conan."

Kenge alipofunguliwa hakugeuka nyuma. Kijana aliporudi alikwenda moja kwa moja kwa bibi yake, akapiga goti. "Nisamehe, Bibi. Uliniambia." Mama akamshika kichwa. "Mume wangu, kesho banda utalisimamisha wewe." Na alilisimamisha.

Jioni tulikula wali mkavu kwa kachumbari. Kukawa na ubishi wa alama. Katika kanuni za Mjomba, kila sarafu ya dhahabu unayoirudisha salama inakupa alama moja ya uzoefu, na mnyama wa kawaida hutoa alama chache sana, kwa hiyo anayepigana ovyo ndiye anayechelewa kukua. Kitindamimba alilia kwamba hatukuleta hazina yoyote, tumepoteza kuku na mchuzi. Nikaomba kitabu nikajisomea. Kimeandika wazi kwamba mnyama aliyeshindwa kwa akili huhesabika sawa na aliyeshindwa kwa silaha. Nikawahukumia alama kamili, wote, na Mjomba akaandika.

Nimewasikia wazazi wenzangu wakisema hadithi hizi ni za damu na upuuzi. Damu imo, na dharau iliyowahi kumwagwa juu ya watu wetu imo, na watoto wangu wanaambiwa hivyo waziwazi. Ila shujaa wa majarida yale mara nyingi hakupewa jeshi wala cheo cha kuzaliwa. Anaingia mahali pa giza na alichonacho mkononi, na kinachomtoa hai ni kutazama, kuuliza, kushirikiana, na kujua lini asipige. Howard alimwandika hivyo, Leiber akamwandika hivyo, Saunders akampa sura yetu, na kanuni za mezani zikamfanya mtoto wa miaka tisa aweze kulifanyia mazoezi hilo kila Jumapili. Nataka vitabu vya Imaro vipatikane Tanga, kwa Kiswahili, kwa bei ambayo mtoto anaweza kuidunduliza kutoka hela ya nauli. Na nataka waandishi wetu wawaandike wengine, waliozaliwa huku pwani, wenye njaa na akili, wasio na chochote ila tenga, sinia na wenzao.