Yah: Pongezi kwa Kutuletea Waya wa Sebuleni Dikoni

Kwa Waheshimiwa Wahusika wa Taa za Nje,
Mnajijua mlipo.

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu. Sisi watumiaji wa diko hapa Songo Songo tumeona si uungwana kuendelea kufaidi mwanga wenu kimya kimya bila kurudisha shukrani.

Kwanza, hongereni kwa kuchagua waya. Wengine wangekimbilia kebo nyeusi ya nje, ile iliyovikwa nyaya za chuma, ambayo kuitaja bei tu kunamtoa mtu jasho. Ninyi mmetuletea ule mweupe, bapa, wa kupita ndani ya ukuta wa sebule. Ni kweli plastiki yake haikutengenezwa kwa ajili ya jua. Ikikaa nje inapauka, inakakamaa, kisha inapasuka. Lakini jua la huku kwetu Kilwa lina adabu, likiona kazi iliyozinduliwa rasmi linapita pembeni. Chumvi nayo tumeiomba isipande na upepo wa kusi kuja kula shaba. Bado haijajibu.

Pili, njia. Waya umepigiliwa misumari kwenye minazi. Kusi ikivuma, mnazi unayumba na waya unavutika, lakini msumari haubanduki, basi ngozi ya waya inakwanguliwa kidogo kidogo kila siku bila malipo ya ziada. Kutoka hapo unashuka mchangani na kukatiza pale pale tunapoburura vyombo kuvipandisha pwani. Mafundi wanaojua kazi huzika kebo kama nusu mita kwenda chini, kwenye mchanga laini usio na mawe, wakatandaza juu yake utepe wa onyo ili mchimbaji ashtuke kabla jembe halijafika. Wetu uko vidole vinne chini. Watoto wanaochimba chambo wanaujua ulipo kwa sababu wameshaugusa, kwa hiyo gharama ya utepe mmeiokoa.

Tatu, kiungo. Nyaya mbili zimesokotwa kwa mkono, zikafungwa mfuko wa nailoni, juu yake mpira wa tyubu ya baiskeli. Chini ya kiungo hicho ndipo akina mama wanapoparua samaki, nyayo zikiwa ndani ya maji ya chumvi, ambayo kupitisha umeme ndiyo kazi yanayoijua. Tumeuliza kuhusu kile kifaa kinachokata umeme ukivuja miliampia 30, tukaambiwa breka ya ampia 16 inatosha. Inatosha kweli, kwa waya. Umeme unaoweza kumuua mtu haufiki hata ampia moja, kwa hiyo breka hiyo itakaa kimya hadi matanga yaishe.

Nne, unene. Toka kwenye swichi hadi taa za mwisho ni kama mita 100, na mmetumia waya wa milimita 1.5 za mraba. Taa za jumla ya wati 900 zikiwa mwisho wa waya huo, volti kama 11 kati ya 230 zinapotelea njiani. Waya wa milimita 4 za mraba ungepoteza volti 4 hivi. Tofauti tumeihesabu kuwa sadaka.

Waheshimiwa, tungenyamaza kama utaalamu ungekuwa haujawahi kuvuka maji kuja huku. Gesi iligunduliwa hapa mwaka 1974. Tangu 2004 inasafiri ndani ya bomba, kilomita 25 chini ya bahari hadi Somanga Funga, kisha zaidi ya kilomita 200 nchi kavu hadi Ubungo, ikawashe Dar es Salaam. Bomba hilo lilivalishwa koti la kuzuia kutu, likapimiwa njia, likawekewa wakaguzi. Bahari ni hii hii, chumvi ni hii hii. Kumbe nishati ikitoka kisiwani huvishwa nguo. Ikirudi kwa wenyeji, inatembea uchi.

Maombi yetu ni madogo. Leteni kebo ya nje, na kama fungu ni dogo, basi iwe nyaya zinazofaa zilizopitishwa ndani ya bomba gumu la plastiki. Izikwe kwa kina kinachofaa, mbali na njia ya vyombo, na njia yake iwekewe alama. Viungo vyote vikae kwenye maboksi yasiyoingiza maji. Nguzo za chuma za taa ziunganishwe na ethi, kifaa cha kukata umeme unaovuja kifungwe, kisha fundi mwenye leseni ya EWURA apime kazi yote na kuacha karatasi ya vipimo. Tutaibandika ofisi ya kata, pembeni ya picha zenu za siku ya uzinduzi.

Haya yakishindikana, zimeni. Gizani tumevua tangu enzi za babu zetu, na giza halijawahi kumpiga mtu shoti.

Mkitaka kujiridhisha wenyewe, karibuni dikoni jioni moja, maji yakiwa yamejaa na mvua imetoka kunyesha. Viatu acheni botini. Mtembee pekupeku kama sisi, mpite chini ya kile kiungo, kisha mtuambie kama kazi imekamilika.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mtumiaji wa diko.

Nakala: Mzabuni, ambaye nyumbani kwake tuna hakika waya ni mweusi.