Kidogo Tu, Mwanangu

Mimi ni mtu wa kuonja. Kariakoo sinunui embe kabla muuzaji hajanikatia kipande kwa kile kisu chake kilicholiwa na jiwe la kunolea mpaka kikabaki kama kijiti. Mchele wa Kyela naunusa, kisha natafuna punje mbichi kujua kama ni wa mwaka huu au wa mwaka juzi. Karanga nachukua tatu, halafu moja ya kuhakikisha. Hakuna aliyewahi kuniita ombaomba. Ukipita mezani kwa mtu bila kuonja ndipo anapokuuliza, "Vipi dada, leo umenuna?"

Kwa hiyo sijui ni jini gani aliyenishika ulimi siku niliyosimama mbele ya kaunta ya vipodozi, kwenye jumba moja la maduka hapa Dar es Salaam. Kaunta yenyewe ya vioo, ina taa nyeupe kama chumba cha upasuaji, na kiyoyozi kinachokukumbusha kwamba hukuja na koti.

Nilikuwa na haja ya kweli. Binti wa kaka yangu alikuwa na sendofu, na mimi ndiye shangazi mkubwa. Shangazi mkubwa hakai nyuma karibu na jenereta. Anakaa meza ya mbele, anasimamishwa, anapigwa picha, na kamera za siku hizi zinapiga mpaka madeni yako. Nilitaka faundesheni ya maana. Ile niliyoitamani ilikuwa shilingi 160,000 kwa kichupa kisichofika hata kimo cha chupa ya iliki. Mchango wangu wa sendofu ulikuwa 150,000, na nao niliulipa kwa awamu.

Mwenzangu wa ofisini akanipa akili. "Mbona rahisi? Omba sampo. Wanaletewa na kampuni, za bure kabisa. Sema unataka kujaribu nyumbani kama ngozi itaikubali."

Niseme hapa, kwa ajili ya wale wanaodhani jambo hili ni la njaa tu, kwamba lina ukoo wa heshima. Estée Lauder, mama wa New York aliyeanzisha kampuni yake na mumewe Joseph mwaka 1946, alijenga jina kwa kugawa. Mteja akinunua krimu, anaondoka pia na poda kijiko kimoja viwili ndani ya karatasi ya nta, yaani kile ambacho hakukinunua. Walipopeleka fedha zao kwa wakala wa matangazo wakaambiwa hazitoshi kitu, basi wakazigeuza zote kuwa zawadi za kujaribia. Mtu akishapaka bure Jumatatu, Jumamosi anarudi na pochi. Kwa maana hiyo mimi sikuwa naomba sadaka. Nilikuwa nadai mila.

Tatizo la kudai mila ni mavazi. Ukienda kuomba cha bure, lazima uonekane mtu asiyehitaji cha bure. Nikaazima mkoba wa mdogo wangu, nikavaa viatu vya visigino vilivyonibana tangu harusi ya mwaka 2014, mtandio nikauacha nyumbani nionekane wa mjini. Kwenye daladala nikawa narudia sentensi yangu ya Kiingereza, yenye "samahani" mbili na "ikiwezekana" moja. Abiria wa pembeni alidhani nasali, akaniachia nafasi ya magoti.

Nikafika. Nikapita mbele ya kaunta mara ya kwanza kama mtu anayekwenda benki. Mara ya pili kama mtu anayetoka benki. Mara ya tatu binti wa kaunta, kope ndefu kama fagio la chelewa, akaniona, akatabasamu, na kabla sijafungua mdomo akaniambia:

"Shikamoo."

Jamani. Nimevaa visigino, nimebeba mkoba wa watu, nimeweka wanja, halafu napigwa shikamoo mchana kweupe mbele ya watu. Ningefanya nini? Nikaitikia, "Marahaba." Ukishasema marahaba umesaini. Akaniongoza moja kwa moja kwenye rafu ya krimu za mikunjo.

Nikamrudisha taratibu kwenye faundesheni. Ile sentensi ya Kiingereza ilikuwa imeshakimbia, imebaki "samahani" moja tu, nayo haikuwa na pa kwenda. Nikabwabwaja kitu kuhusu sampo.

"Sampo zimeisha, anti."

Alisema hivyo huku kiuno chake kikisukuma droo iliyokuwa wazi. Ndani nilikuwa nimeshaviona vile vipakiti, vimelala vimebanana kama dagaa wa Kigoma. Vimeandikwa kabisa kwamba si vya kuuzwa. Maandishi hayo ni kweli kwa sehemu, maana mwezi mmoja baadaye nilivikuta kwa machinga mmoja stendi, viwili kwa elfu tano.

"Lakini naweza kukupaka testa," akaongeza.

Hapa lazima nimpe haki yake, kwa sababu alijua kazi. Mimi nilinyoosha mkono, kama tunavyofanya wote, apake mgongo wa kiganja. Akakataa. Mkono na uso havijawahi kuwa rangi moja, akasema, mkono unafua na uso unatazama. Akanipaka mistari mitatu taya la kulia, karibu na shingo, akaniambia nisubiri, kwa sababu faundesheni ikikutana na mafuta ya ngozi hubadilika, na ile inayokaa vizuri sasa hivi baada ya robo saa inaweza kuwa na weusi wa masizi. Halafu akanitoa mpaka mlangoni penye jua, akanigeuza geuza kama mtu anayekagua noti. Taa za dukani, akasema, hudanganya.

Nikakumbuka enzi za usichana wangu. Kwenye kaunta kama ile ungekuta rangi kumi za watu wa Ulaya na moja ya sisi wengine wote, Mdigo na Mmasai mle mle. Ukiipaka unatoka uso wa majivu na shingo ya kwako, ukikaa karibu na nduguyo mliochangia damu mnaonekana mmekutana kituoni. Mwaka 2017 Rihanna alitoa faundesheni za Fenty Beauty kwa rangi 40 kwa mkupuo, na kampuni nyingine nazo zikaanza kukumbuka kwamba Afrika ina watu. Sasa taabu yangu ilikuwa ya kinyume. Rangi zilinitosha, na zote zilikuwa 160,000.

Akachagua mmoja kati ya ile mistari, akaanza kunipaka. Upande wa kulia kwanza, "ili uone tofauti, anti." Niliiona. Shavu la kulia lilikuwa la mwanamke anayelala usingizi wa saa nane kila usiku na ana hati ya kiwanja. La kushoto lilikuwa la kwangu. Ndipo akaingia mteja mwenye kadi ya benki mkononi, kadi inatangulia na yeye anafuata. Binti akaniambia, "Dakika moja tu, anti."

Nilisubiri ishirini. Mteja yule alikuwa ananunua za bibi harusi na wasimamizi wake wote. Sikuwa na kitambaa wala mtandio, na heshima ya kuomba pamba ilishaniishia. Nikatoka na uso wangu wa nusu kwa nusu, nikapanda daladala ya Tabata, nikakaa dirishani, upande wa tajiri ukiwa ndani na wa maskini ukiangalia barabara. Konda alipofika nikampa nauli. Akanitazama. Akainama, akachungulia upande wa dirishani, akasimama wima tena.

"Na huyu mwenzako," akauliza, "analipiwa na nani?"

Gari zima lilicheka mpaka Ubungo. Dereva alitaka aelezwe, akaelezwa.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa Kariakoo kwa mzee wangu wa manukato ya kupima. Ana machupa makubwa yamepangwa kama askari, na bomba la sindano ambalo halijawahi kumchoma mtu. Anavuta mafuta, anahesabu vistari, anakujazia kichupa chako. Lakini kabla ya hapo huchukua kizibo cha chupa, anakugusa nacho kifundo cha mkono, halafu anakwambia, "Zunguka sokoni kwanza. Ukimaliza vitunguu urudi, uniambie bado ananukia au ameshakukimbia." Hakuna droo ya kufunga kwa kiuno. Nikamsimulia mkasa wangu. Akacheka, akaniuliza niliomba vipi. Nikamwambia kwa Kiingereza, halafu Kiingereza kikagoma.

"Ulipewa shikamoo?"

"Nilipewa."

"Basi ulikuwa na mtaji mkononi, ukautupa."

Mzee yule aliona mbali. Nilirudi kaunta siku ya Jumanne saa nne asubuhi, wakati duka halina watu. Nilivaa kitenge na kandambili za ngozi, na kwenye mkoba wangu mwenyewe nilitia kikopo changu mwenyewe. Binti akanipa shikamoo. Safari hii nikaipokea kwa mikono miwili, marahaba ndefu, ya kuuliza na hali za wazazi. Tukamaliza wazazi, tukagusa mvua, kisha nikaegemea kioo kama ninavyoegemea meza ya dagaa, nikasema:

"Mwanangu, nina harusi ya mtoto. Nionjeshe kidogo tu. Hata cha kupaka siku moja."

Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Akachukua kile kikopo changu, akabonyeza testa mara moja, mbili, tatu, na ya nne akasema ni nyongeza. Nyongeza! Neno la kwenye fungu la mchicha, pale chini ya zile taa. Nilitaka kumkumbatia.

Sasa habari ya kikopo. Kilikuwa cha dawa ya kuchua, ile ya mentoli inayopakwa kifuani na puani. Nilikiosha kwa sabuni na maji ya moto mara mbili, nikakinusa kwa makini, hakina harufu hata chembe. Jambo moja tu sikulitafakari. Dawa ile ilikuwa imeisha kwa sababu nilikuwa na mafua, na mwenye mafua si shahidi wa harufu.

Nyumbani binti yangu alikikuta kabatini, kikopo hakina nembo, ndani kuna kitu laini cha rangi ya maziwa yenye chai. Akaniita chumbani na kufunga mlango, yeye ndiye akawa mama. "Mama, umeanza mkorogo?" Sikumlaumu. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, na wanaozichanganya huziuza kwenye vikopo vya namna hiyo hiyo, havina jina la kiwanda wala tarehe. Niliapa kwa majina ya wazee watatu kabla hajaniamini.

Kujaribu je? Sikujaribu. Vibonyezo vinne ni vya siku moja, nani atapaka siku ya kawaida kwenda kununua mkaa? Nilikuwa nimeomba cha kujaribia, nikakihifadhi nisije nikakimaliza kwa kukijaribu.

Siku ya sendofu nilipaka saa kumi na moja jioni. Mafua yalishapona, na nilihisi kaubaridi kazuri mashavuni, nikadhani ndiyo ubora wenyewe. Nilijiangalia kwenye kioo, nikaona yule mwenye hati ya kiwanja, safari hii pande zote mbili. Ukumbini taa zikawashwa, joto likapanda, na mvuke ukaanza kupanda nalo, taratibu, kutoka mashavuni kwenda machoni.

Bibi harusi aliingia na mimi nikaanza kulia.

Sikuwa nalia. Macho yalikuwa yanawaka. Lakini ukumbi mzima uliona shangazi mkubwa akitiririkwa na machozi kuanzia mtoto alipoingia, wakati wa kuwasha mishumaa, wakati wa kukata keki, hata wakati wa kutangaza nambari za magari yaliyoziba njia. Kaka yangu, ambaye hatukuwa tumesemezana vizuri tangu ile habari ya shamba, alitoka mezani kwake akaja kunishika bega, na yeye akaanza. Mshereheshaji hakuiacha nafasi hiyo. "Jamani, upendo wa shangazi! Mpeni maiki!" Nilisimama. Nilitaka kusema maneno mawili. Kila nikivuta pumzi, mentoli inaingia mpaka kwenye ubongo, sauti inakatika, na kila sauti inapokatika vigelegele vinapanda. Watu walikuja kunitunza. Nilipohesabu baadaye zilikuwa shilingi 87,000, na sikuwa nimemaliza sentensi hata moja.

Niliporudi kukaa, mama wa bwana harusi akahamia kiti cha jirani. Mama mwenye dhahabu, mwenye harufu ya udi wa kweli. Akanipa kitambaa chake, akaniangalia usoni kwa karibu, kwa muda.

"Mkwe," akanong'ona, "umelia saa mbili na haijatoka. Ni faundesheni gani hiyo? Huna hata kidogo nami nikajaribu nyumbani?"

Kikopo kilikuwa mkobani, bado kina robo. Niliusukuma mkoba chini ya meza kwa mguu.

"Sampo zimeisha, mkwe," nikamwambia.